Tone Kiganjani

Mlishi iliniita kwenye simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa bado nafunga kamba za viatu.

"Nyumba ya nne. Subilaga Mwakyoma. Joto thelathini na tisa na nukta mbili. Limepanda dakika ishirini baada ya mfuko kuunganishwa."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi. Wenzangu waliizoea hadi wakaipenda. Mimi sikuipenda hata siku moja, na nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nilianza kuichukia baada ya yaliyotokea.

Mtu anayelishwa kwa mshipa akipata homa, huulizi kama amelala bila blanketi. Mrija wake umeingilia kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga, na ncha yake imelala jirani kabisa na moyo. Mdudu akishaingia humo hana haja ya kubisha hodi popote. Nilipakia begi langu kwenye pikipiki ya betri nikapanda kilima cha Ikuti ndani ya ukungu mzito, taa imewaka.

Subilaga alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Miaka mitatu nyuma utumbo wake ulijisokota na kufa tumboni, na madaktari walipomaliza kukata, uliobaki haukufika urefu wa mkono wa mtoto. Alichokula kilipita kama maji kwenye mfereji. Zamani, nikiwa mwanafunzi, watu wa namna yake niliwaona wakifa njaa wodini huku dripu ya maji ya chumvi ikidondoka kando yao, na sisi tukiwageuza ubavu. Sasa kulikuwa na Mlishi. Ilitundikwa ukutani, ukubwa wake kama kabati la vyombo. Kila alfajiri ilivuta tone la damu ya mgonjwa, ikalisoma, ikachanganya sukari, protini, mafuta na chumvi za siku hiyo tu, ikatoa mfuko mmoja mweupe mfano wa maziwa. Wilaya nzima tulikuwa nazo tisa. Waliokuwa wakisubiri ya kumi walikuwa thelathini na mmoja.

Nilimkuta Subilaga anatetemeka hadi kitanda kinalia. Mama yake, Anyosisye, amemkumbatia miguu.

"Ndaga, asante, mwanangu, umefika," alisema mama yule. "Ameanza ghafla tu."

Nilibana mrija, nikauondoa mfuko, nikaweka glukosi ya akiba ili sukari isimwanguke ghafla, nikachukua damu, nikaanza dawa. Nilipomaliza, jasho langu lilikuwa limelowanisha mgongo. Ndipo nikavuta kigoda.

"Mama, niambie hatua zako za leo. Moja moja."

Alinitajia bila kukosea. Ameutoa mfuko, ameutazama kwenye mwanga kama mafuta yamejitenga yakawa na mstari wa njano. Hayakujitenga. Amenawa kwa sabuni hadi viwikoni. Amejifuta kwa karatasi safi. Amesugua kiungio cha mrija kwa pamba ya spiriti akihesabu hadi kumi na tano, ameacha kikauke.

"Halafu?"

Alitazama mkono wake wa kushoto.

"Halafu ninaonja."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akanionyesha. Alikuwa mama lishe sokoni kwa miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimeshamwona akifanya vile mara mia nikisubiri sahani yangu ya ndizi: anachota kidogo kwa upawa, anadondosha tone kwenye kiganja, analamba, anatikisa kichwa au anaongeza chumvi. Hakuna upawa uliotoka kwenye sufuria yake bila kiganja kupita kwanza. Sasa alifanya vile vile hewani. Anafungua ncha ya mfuko, anadondosha tone, analamba, na kwa kiganja kile kile, kilichotoka mdomoni, anaunganisha mrija unaokwenda kwenye moyo wa mwanawe.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoileta."

"Miezi kumi na minne? Kila siku?"

"Sasa ningempaje mtoto kitu ambacho sijakionja?" Hakuwa akinibishia. Alikuwa akiuliza kweli. "Mgeni tu nisiyemjua, akikaa kwenye benchi langu, simpi. Nimpe mwanangu?"

"Mama, nilikwambia usiguse ncha!"

"Uliniambia ninawe. Nikanawa."

Sauti nyembamba ilitoka kitandani. "Usimgombeze, sista. Mimi ndiye namwambia aonje." Subilaga alikuwa amefumbua macho, meno yakigongana. "Namuuliza, leo kikoje? Ananiambia. Jana kilikuwa kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni. Juzi kulikuwa na ukakasi kidogo. Nikishajua ladha yake, ninakuwa nimekula. Asiponiambia, ni maji tu yananiingia."

Niliona hasira yangu ikiniponyoka, na nilikuwa naihitaji.

"Basi aonje mabaki," nilisema. "Jioni, mfuko ukiisha."

Anyosisye alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake hana akili. "Mpishi anaonja wageni wakishaondoka?"

Hapo Mlishi ikazungumza ukutani.

"Muuguzi Tusekile. Kuna mdudu kwenye damu. Je, ameingia kwa mkono au kwa mfuko?"

*

Nieleze swali hilo, maana ndilo kisa chote.

Mlishi ilijua kila kitu kilichokuwa ndani ya damu ya mtu, lakini haikuwa na macho. Walipoanza kuzigawa, watu walikataa kamera vyumbani mwao, na walikuwa na haki. Kwa hiyo mashine ikijua kuna mdudu haikuweza kujua amepitia mlango gani. Milango ni miwili tu: ama mfuko ulitoka mashineni tayari una uchafu, ama mkono wa nyumbani umeuchafua. Swali hilo moja likaachiwa muuguzi. Ukiweka dole gumba kwenye kioo na kusema neno, neno lako ndilo ukweli.

Ukisema mkono, nyumba imeshindwa. Mashine inang'olewa siku hiyo hiyo inapelekwa kwa anayefuata kwenye orodha, na mgonjwa anahamishiwa Jumba la Vitanda, Mbeya. Subilaga alishalala huko mwaka mzima kabla ya kupata mashine. Vitanda mia mbili, dari moja, na mfuko mmoja wa aina moja kwa wote, mkubwa na mdogo. Katika kila kumi walioingia pale, mwaka ukiisha walibaki sita. Alitoka na kilo thelathini na moja, na tangu hapo hakulala tena chumba kisicho na dirisha wazi.

Ukisema mfuko, kosa ni la mashine. Mashine haina mama.

Nilimtazama Anyosisye. Alikuwa hajui hata kwamba nina cha kuchagua. Aliniangalia mdomo tu, kama watu wanavyomwangalia daktari.

Niliweka dole gumba kwenye kioo.

"Mfuko," nilisema.

"Asante. Neno lako limepokelewa."

Nilimshika mama yule mabega, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Ukionja tena, nitasema kweli. Umenisikia? Usionje tena." Aliapa kwa jina la baba yake aliyekufa. Machozi yalimtoka. Mimi nilishuka kilimani nikijiona mtu mwema, na nakumbuka hata niliimba njiani. Kuimba kule ndiko ninakokuonea aibu zaidi ya mengine yote.

*

Saa tano asubuhi nilikuwa zahanati naandika taarifa, simu ikalia.

"Taarifa kwa muuguzi. Kutokana na neno lako, mafuta ya kundi la sabini na mbili yametiliwa shaka. Mashine tisa zimefunga mifuko yake tangu saa moja na dakika ishirini. Nyumba zote ziko kwenye glukosi ya akiba. Akiba inatosha kwa muda wa saa tano. Mifuko mipya ya mafuta itatoka Mbeya."

Nilisimama. Hilo nilifundishwa, mwaka wa kwanza kabisa, na nilikuwa nimelisahau kama unavyosahau kitu ambacho hakijawahi kutokea. Mashine zile zilikuwa tisa lakini akili yao moja. Ukiiambia moja kwamba chakula ni kibaya, umeziambia zote.

"Mifuko itafika saa ngapi?"

"Ndege za mizigo haziruki kwenye ukungu. Gari limeondoka. Linatarajiwa saa tisa alasiri."

Nilizipitia nyumba kichwani. Sita kati yao waliweza kunywa angalau uji mwepesi au maji ya sukari. Subilaga nilikuwa nimemwachia glukosi ya siku mbili. Mtoto wa kule Katumba yuko karibu na hospitali. Alibaki mmoja.

Mwalimu Mwakalobo alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na minne. Uvimbe ulikuwa umemziba njia yote ya chakula, hata mate yake alitema kwenye kopo. Alikuwa na kisukari pia, kwa hiyo kila alfajiri Mlishi ilimtilia insulini ya siku nzima kabla ya mfuko. Kila asubuhi alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa chumba chake namba zote za mfuko wa siku, gramu za sukari, gramu za mafuta, kisha akazikokotoa upya kwa mkono aone kama mashine imekosea. Siku moja kabla nilikuwa kwake. "Sijaikamata bado, sista," aliniambia. "Siku ikikosea hata tone moja, naichapa viboko mbele ya darasa."

Mwalimu yule alikuwa na insulini ya asubuhi mwilini na akiba ya kumfikisha saa sita na dakika ishirini.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo mno. Niweke dole gumba, niseme nimekosea, ni mkono. Mifuko tisa ingefunguka papo hapo. Na kabla ya jioni Subilaga angekuwa kwenye gari la Mbeya, mimi nimevuliwa gauni jeupe.

Nikatafuta njia ya katikati. Watu waoga huwa tunaiona upesi. Nilichukua chupa mbili za glukosi kabatini nikaiwasha pikipiki. Kwa Mwalimu, Masoko, ni mwendo wa dakika arobaini. Ningefika hata kabla ya saa sita, ningemwekea mwenyewe, na hakuna ambaye angepoteza chochote.

Mvua ya wiki nzima ilikuwa imeangusha kilima barabarani. Tope jekundu lilikuwa limekwenda na migomba na nguzo ya umeme, na watu wamesimama kila upande wanaangalia. Niliacha pikipiki nikaanza kuzunguka kwa miguu, kupitia mashamba ya chai, chupa zikigongana mgongoni.

Simu ilikuwa kiunoni. Kule juu kwenye chai mtandao ulishika vizuri. Saa sita na dakika ishirini ilipofika nilisimama, nikaitoa simu, nikaweka dole gumba kwenye kioo. Kikawaka, kikasubiri. Nilimwona Subilaga na kilo zake thelathini na moja. Nikajiambia Mwalimu ni mtu mgumu, hataanguka kwa nusu saa. Nikairudisha simu kiunoni, nikaendelea kutembea. Halafu nikaanza kukimbia, kana kwamba miguu ingeweza kulipia mdomo.

Nilifika saa nane kasoro dakika kumi.

Mkewe alikuwa sakafuni, amempakata kichwa mapajani. Mwalimu alikuwa amelowa jasho, macho nusu wazi, anakoroma kwa namna ambayo muuguzi yeyote anaijua. Nilichoma sindano, nikasukuma sukari, nikasukuma tena. Kipimo kilipanda. Yeye hakuamka.

"Alianza kutetemeka, akawa anaongea mambo yasiyoeleweka," mkewe aliniambia. "Asali ipo, sista. Nimeishika mkononi muda wote. Lakini ulituambia tusimpe kitu chochote kwa mdomo. Hatukumpa."

Kikopo cha asali kilikuwa pale pale kando ya goti lake, kimefungwa vizuri. Kidole kimoja cha asali kwenye ufizi kingeweza kumshikilia nusu saa. Sikumwambia. Hiyo nayo ni siri yangu nyingine.

Gari la mifuko lilipita njia ya Kyela, likafika saa kumi na moja. Mlishi ikafungua, ikasoma damu yake, ikachanganya, ikamlisha.

*

Mwalimu Mwakalobo hakufa. Siku ya nne alifumbua macho. Aliangalia dari, akamwangalia mkewe, akaniangalia mimi, na kote aliangalia kwa jicho lile lile. Mkewe alimpa chaki mkononi, akamfungia vidole. Ikaanguka. Namba za mwisho bado zilikuwa mlangoni, mstari mmoja haujakokotolewa. Kwenye kioo cha mashine niliisoma taarifa yake ya wiki: *Sukari, sawa. Uzito, umeongezeka. Lishe, kamili.*

Siku ya tisa nilikwenda Ikuti kubadilisha bandeji ya Subilaga. Homa ilikuwa imekwisha siku nyingi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, mfuko umening'inia kwenye msumari juu yake, akivuta harufu ya chakula cha mama yake kinachokwenda sokoni.

"Hajaonja tangu siku ile," aliniambia taratibu. "Sijui hata ninakula nini."

Anyosisye alikuwa na mgongo wake kwangu, anakoroga. Alipogeuka sikupenda uso wake.

"Sokoni wanasema kuna mwalimu wa Masoko amekuwa kama gogo," alisema. "Wanasema mashine zote zilifunga siku moja. Ni siku ile?"

"Mama, hayo ni mambo ya kiufundi tu…"

"Tusekile. Ni siku ile?"

Hakuwa amewahi kuniita jina langu tupu.

"Ni siku ile," nilisema.

"Kwa sababu ulisema ni mfuko."

"Nilisema vile kwa ajili ya mwanao!"

"Najua ulisema kwa ajili ya nani." Aliweka upawa juu ya mfuniko, akanawa mikono. Alinawa kama nilivyomfundisha, hadi viwikoni, na niliona midomo yake ikihesabu. Akajifuta. Akaingia chumbani, na mimi nikamfuata, na Subilaga akasema "Mama" mara moja tu.

Anyosisye alisimama mbele ya mashine, akakiweka kiganja chake chote kwenye kioo. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba ni dole gumba.

"Ni mkono," aliiambia. "Ni huu hapa. Nilikuwa ninaonja chakula cha mwanangu. Huyo mwalimu asihesabiwe kwa mfuko. Ahesabiwe kwangu."

"Sauti si ya muuguzi," Mlishi ilisema. "Muuguzi Tusekile yupo. Unathibitisha?"

Alinigeukia. Macho yake hayakuniomba kitu.

Niliweka dole gumba. "Nathibitisha. Ni mkono."

"Asante. Gari la kuhamisha mgonjwa litafika saa nane mchana. Swali la mwisho. Siku ya tukio ulisema mfuko. Je, wakati ule ulijua kuwa ni mkono?"

Dole langu lilikuwa bado kwenye kioo. Nilikuwa nimefikiri kwamba likija swali hilo nitasema kweli. Nilikuwa nimejizoeza, njiani, kwa siku tisa. Anyosisye alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, na Subilaga alikuwa anasikia kutoka mlangoni mwa jiko, na wote wawili walijua jibu.

"Sikujua," nilisema.

"Asante. Neno lako limepokelewa. Kwa kurekebisha taarifa mapema, kiwango chako cha uaminifu kimepanda."

Kama wangenipigia kelele ningepumua. Anyosisye alirudi jikoni akaanza kukusanya nguo za mwanawe kwenye beseni, kanga mbili, sweta, chanuo.

"Sista," Subilaga aliniita. Alikuwa akiuangalia mfuko wake, uliobakia robo. "Kule Mbeya kuna mtu atakayekuwa ananiambia kikoje?"

Nilisema nitauliza. Nilijua hayupo.

Nilitaka kuondoka, lakini mama yule alikuwa ameshanizibia njia kwa kigoda, sahani mkononi. Alifunua sufuria. Alichota kwa upawa, akadondosha tone kwenye kiganja cha kushoto, akalamba. Alifikiri kidogo. Akaongeza chumvi, akakoroga, akaonja tena, ndipo akanipakulia ndizi na nyama hadi ukingoni, kama anavyompakulia mgeni yeyote anayekaa kwenye benchi lake.

"Kula," alisema. "Una safari."

Nilikula nikiwa nimeinama. Chumvi ilikuwa imekaa sawa kabisa.